Mbuzi wa Serikali Kule Gatitu

Kama gazeti la wiki jana lilishakufungia nyama, usijali, nitakukumbusha kwa ufupi.

Mimi ni Eliud Ngatia, mkuu wa tarafa mstaafu, diwani mstaafu (huko nilistaafishwa na wapiga kura), na mwandishi wa kitabu kiitwacho Mila Haina Njia ya Mkato. Jumapili asubuhi mnanisikia redioni nikiwakemea vijana wanaoishi na wasichana bila kwenda kwa wazazi. Ndiye mimi.

Binti yangu Lynn anaolewa na Hiren, mwana wa Harshad mwenye duka la mabati na misumari mjini Nyeri. Jumamosi Harshad analeta ruracio, yaani mahari, kwangu Skuta. Nimealika baraza la wazee, nimealika redio, nimealika kila mtu mwenye kitambulisho na kura, maana uchaguzi unakuja na kile kiti cha udiwani bado nakitamani.

Tuliachana pale Harshad alipokuwa sebuleni kwangu Jumapili jioni na mkewe Bharti, amefungua kitabu changu ukurasa wa arobaini na saba.

Ndugu msomaji, mtu akinunua kitabu chako ni furaha. Akikisoma, omba Mungu.

Harshad alikuwa amekisoma chote. Amezaliwa Nyeri, babake amezaliwa Nyeri, na Kikuyu anakiongea kuliko vijana wetu wengi. Lakini alisema hataki watu waseme familia yake imekuja kufanya mambo nusunusu. Alikuwa amepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Bharti aliniuliza kwa upole kama ni makosa wao kuleta mbuzi ambao wenyewe hawatawala, kwa vile nyumbani kwao nyama haiingii. Kabla sijajibu Harshad alimwambia aangalie ukurasa wa thelathini na moja, mambo yote yako hapo.

Kisha akasoma kwa sauti ule wa arobaini na saba.

"'Baba ambaye hajamkatia bega mama wa msichana hana mlango wa kusimama. Msichana huyo ni wa nyumba ya mama yake, na mbuzi wake wapelekwe huko.'" Akavua miwani. "Mzee, hii umeandika vizuri sana. Sasa tunachapisha programu, na tunataka kuweka mwaka. Wewe ulikata bega ya Mama Lynn mwaka gani?"

Kwa wasomaji wa mbali na Mlima, kukata bega ni hivi. Unakwenda kwa kina msichana na watu wako. Kondoo dume aliyenona anachinjwa, bega linachomwa, na wewe unalikata mbele ya wazee na kumpa yeye. Siku hiyo ndiyo ndoa. Kabla ya hapo, hata mkizaa watoto kumi, mmeishi tu.

Nikasema tisini na sita.

Ilitoka laini, kama jina langu. Harshad akaandika. Wakati huohuo mke wangu Kagure alikuwa ameinama akimimina chai, na sikuona hata tone likimwagika. Akawauliza wageni kama sukari inatosha.

Walipoondoka alikusanya vikombe. Akafika mlango wa jikoni, akasimama.

"Tisini na sita ulikuwa kwa kozi Embu," akasema. "Nilikuwa na mimba ya Lynn, na nilikuwa peke yangu."

Basi haya ndiyo maungamo ya wiki hii. Bega sijawahi kukata.

Nilimpata Kagure Doldol, akifunza shule ya msingi, mimi nikiwa D.O., yaani mkuu wa tarafa. Kijana, kofia ya serikali kichwani, bendera kwenye gari. Kwao ni Gatitu hapa, ukitoka Skuta hata jasho halijatoka umefika. Mwaka wa tisini na tano tulipoanza kuishi pamoja nilijua vizuri kinachotakiwa. Lakini kule kwa kina msichana anayeoa hasemi. Anakaa nyuma ya wazee wake, mdomo ameufunga, mpaka aambiwe inuka. Na mimi, D.O., nikae nyuma ya nani? Hiyo ndiyo sababu. Nyingine zote nilizompa Kagure zilikuwa uongo.

Nikafanya kama nilivyofanya kila kitu. Nilinunua mbuzi kumi na wawili wazuri pale soko la Doldol, nikamwambia karani aandike barua ya kuwakabidhi, nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Dereva wangu Ben akawapakia kwenye lori la serikali na askari mmoja, wakawapeleka Gatitu. Jioni akaniletea nakala yenye sahihi ya baba mkwe. Nikaiweka kwenye faili. Kichwani mwangu mahari ilikuwa imefika, lililobaki ni bega, na bega lingesubiri nipate nafasi.

Nafasi haikupatikana. Nilihamishwa, nikapandishwa cheo, nikahamishwa tena. Kagure aliniuliza mara moja, Lynn akiwa mdogo. Nikamwambia lile jambo liko mezani. Hakuniuliza tena, nami nikafikiri amesahau.

Mganga hajigangi, walisema. Mimi nilijiita mganga na nikafungua kliniki.

Jumapili ile sikupata usingizi, lakini kufikia Jumatatu asubuhi nilikuwa na mpango. Ningekata bega Jumatano, kimyakimya, Jumamosi nisimame mlangoni pangu mtu msafi. Nikamwomba Kagure ampigie mama yake simu atuandalie. Alikuwa akichagua maharagwe.

"Ni wewe unaoa," akasema. "Piga mwenyewe."

Nikampigia shemeji yangu Mugo, kaka yake Kagure, ambaye tangu mzee wao afariki ndiye anayesimamia boma. Nilimweleza kwa lugha ya kuzungukazunguka kama dakika tano. Alicheka mpaka nikaondoa simu sikioni. Akasema nije Jumatano, tena nije na mtu wa kunisemea, mtu aliyekata bega yake. Vile kitabu inasema, akaongeza.

Hilo niliona rahisi. Mimi ni mwanachama wa baraza la wazee, na pale tuko saba wa ngazi ya juu, wenye fimbo na mgwisho. Nikaanza kupiga simu.

Mzee wa kwanza aligundua kwamba Jumatano ana miadi ya daktari wa macho. Wa pili, daktari wa meno. Wa tatu alisema ana shughuli, nikamuuliza shughuli gani, akaniambia kwa hasira kwamba hayo ni maswali ya mtu asiye na heshima. Wa nne akaniuliza polepole kama nadhani huo mwaka wake wa sabini na tisa, walipokula kuku na baba mkwe kwa hoteli, unaweza kuhesabika.

Wa tano na wa sita walizima simu. Kati yetu saba, ndugu msomaji, hakuna aliyekata. Na kila Jumapili, kwenye ruracio za watu, tunawasimamisha vijana ambao hawajakata na kuwafukuza nje ya hema mpaka wakalete cheti cha tabia njema.

Jumanne jioni nikamkumbuka Ben. Dereva wangu wa zamani, yuko palepale Gatitu na ng'ombe wake wawili. Huyo alikata bega mwaka wa themanini na nane, kwa likizo ya siku nne. Nakumbuka kwa sababu aliomba siku ya tano nikamnyima.

Nilimkuta akikamua. Alinisikiliza hadi mwisho, hajanitazama, anakamua tu. Alipomaliza ndoo akasema atakuja, lakini kwa masharti. Kule tutakakokwenda yeye ndiye atakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma yake na sitatoa sauti, hata nikiumwa na siafu. Na simu nitamwachia Mugo mlangoni, maana ananijua mimi na simu.

"Sawa, Ben," nikasema.

"Sema 'ndio mzee,'" akasema Ben. "Ni ya mazoezi."

Nikasema ndio mzee.

Jumatano saa nne tulikuwa Gatitu. Ben mbele kwa koti lake la kanisani, mimi nyuma, kondoo dume kwenye pikapu, mnono hata kusimama ni kazi. Kagure alikuwa ametangulia tangu asubuhi, na mama yake, Wamucii, alitupokea kwa uji. Wazee wanne wa nyumba yao walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki. Mugo alichukua simu yangu, akaiweka mezani mbele yake. Nikaelekezwa benchi la nyuma, karibu na kuku.

Tukiwa tunasubiri, nikaona nyuma ya nyumba kuna zizi kubwa la mbuzi. Mbuzi wengi, wazuri, wa rangi za Doldol, na masikio marefu. Nilikuwa nimewaona miaka yote nikija kunywa chai ya Krismasi, sikuwahi kuuliza. Siku hiyo woga ulinifanya mwepesi wa ulimi, nikavunja sharti la Ben. Nikamwambia mama mkwe kwamba mbuzi wake wamenawiri.

Wazee wakatazamana.

"Sio zangu," akasema mama mkwe. "Ni za serikali."

Nikadhani ni mzaha. Mugo akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi. Ndani yake kulikuwa na karatasi imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kukatika. Akampa Ben, kwa sababu Ben ndiye alikuwa mdomo wangu. Ben aliisoma, akanipa.

Ilikuwa barua yangu ya mwaka wa tisini na tano. Muhuri wangu, sahihi yangu. Ila haikuwa barua. Ilikuwa fomu.

Lazima niwaeleze. Doldol ni nchi ya mifugo, na kazi kubwa ya ofisi yetu ilikuwa wizi wa mifugo. Mbuzi wakiokolewa kutoka kwa wezi, tulikuwa tunawakabidhi kwa mtu mwaminifu awatunze mpaka kesi isikizwe. Kulikuwa na fomu yake, imepigwa chapa tayari, unajaza tu idadi na jina. Mimi nilimwambia karani aandike barua ya kukabidhi mbuzi. Karani wa watu akachukua fomu ya kukabidhi mbuzi. Nikatia sahihi bila kusoma, kama nilivyotia sahihi kila kitu kwa miaka thelathini na miwili.

Fomu ilisema hivi: wewe uliyetajwa hapo juu umekabidhiwa mifugo hii kwa niaba ya serikali. Usiuze, usichinje, usimpe mtu yeyote. Utawajibika kwa mnyama yeyote atakayekufa au kupotea. Ngoja maagizo zaidi.

Na mzee yule alingoja maagizo.

Mugo ndiye aliyesimulia, akimwambia Ben, mimi nikisikiliza nikiwa nyuma. Kagure alikuja kumwambia baba yake kwamba hizo ni mbuzi za ruracio yake. Mzee akavaa miwani, akasoma karatasi juu hadi chini, akamwambia, "Barua haina jina lako." Kisha akawajengea zizi peke yao wasichanganyike na wa nyumbani. Mbuzi akifa, alimbeba kwa baiskeli mpaka kwa chifu akaripoti kifo. Chifu wa kwanza alimwandikia. Wa pili alimcheka, lakini akamwandikia. Waliozaliwa aliwahesabu kuwa wa serikali pia, maana mama yao ni wa serikali.

"Na mbona hakuniuliza?" nikasema. Ben akageuka akanikazia macho.

Mugo alijibu akimtazama Ben. "Mwambie mtu wako, baba wa msichana haendi kwa mwanamume kuuliza mahari iko wapi. Anangoja. Si hiyo iko kwa kitabu yake?"

Ipo. Ukurasa wa ishirini na mbili.

Mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mwaka ule wa mwisho mzee akiwa kitandani alitamani supu. Mbuzi wao wa nyumbani walikuwa wameisha kwa karo za shule na hospitali. Wakataka kumchinjia mmoja wa hawa. Alikataa. Alisema asife akiwa na kesi.

Niliona haya. Nikakumbuka mazishi ya mzee, jina langu liliposomwa kwenye orodha ya marafiki na majirani badala ya wakwe, nikamlaumu mwendesha shughuli na hata nikamwandikia barua. Kumbe mtu wa watu alisoma alichopewa.

Ben alivua kofia, akaomba msamaha kwa niaba yangu na kwa niaba yake, kwa sababu ni yeye aliyewashusha wale mbuzi pale langoni na kumwambia mzee aweke sahihi hapa. Alisema vizuri. Mimi mwandishi wa vitabu nisingeweza kusema hivyo. Wazee walinong'onezana kwa muda, kisha Mugo akasema wamekubali, mbuzi watahesabiwa kuwa ruracio, wao na wana wao wote. Lakini kwanza serikali iwaachilie.

Ben akauliza iwaachilie namna gani.

"Kwa barua," akasema Mugo. "Mzee wetu alingoja barua. Na iwe na muhuri."

Mzee mmoja akasema jamani, huyu amestaafu, muhuri atatoa wapi. Wote wakanitazama. Hapa naungama jingine, na wakubwa wangu wa zamani wakisoma wanisamehe. Muhuri ninao. Nilipostaafu niliondoka nao mfukoni, na mpaka leo uko kwenye pikapu, chini ya kiti. Nilikwenda nikauchukua. Nikaandika kwa mkono, kwa Kiingereza cha ofisi, kwamba mbuzi wote walioko kwa marehemu mzee wameachiliwa huru na kesi imefungwa. Nikagonga muhuri.

Mama mkwe hakujua kusoma Kiingereza, lakini aliipokea kwa mikono miwili. Akaingia nayo ndani kwenye chumba cha mzee. Alikaa humo kidogo, akatoka akipangusa macho kwa kanga.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, nami nikaanza kupumua. Kondoo alichinjwa, moto ukakolea, bega likachomwa, likaletwa kwenye sinia ya mbao na kisu kando yake. Nilikuwa nimeanza kupanga hotuba ya Jumamosi. Hata niliona namna ya kulitumia jambo la mbuzi, nikilipunguza hapa na kuliongeza pale, lipendeze redioni. Ndivyo nilivyo.

Lakini kabla ya kisu kuna pombe. Mama mkwe alijaza pembe ya muratina, akamwita Kagure katikati. Alikuja amevaa leso ya maua kichwani, mwalimu mkuu mstaafu wa miaka hamsini na saba, akasimama pale mahali wanaposimama wasichana. Mama yake akampa pembe.

"Kagure," akasema, "huyu mtu amekuja na mbuzi. Hii pombe tuikunywe? Tukikunywa, hutatutapisha?"

Msichana akikubali anaonja, anampa mzazi wake, wazee wanakunywa. Akikataa, mbuzi wanarudi. Kwenye kitabu changu jambo hili nimelipa mstari mmoja na nusu, nikaandika kwamba siku hizi ni desturi tu, hakuna anayekataa.

Kagure alitazama ndani ya ile pembe. Hakuonja.

"Mama," akasema, "nimengoja mtu aniulize hiyo swali miaka thelathini. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalisema nikifua, nikisahihisha madaftari, nikienda kusaga posho mill. Sasa nimeulizwa na sioni mahali nililiweka."

Mugo alimwambia kwa upole kwamba wazee hawana haraka, lakini ni ndio au hapana.

"Nikisema hapana, hakuna mtu anaweza sema nimeachika," akasema Kagure. "Sijawahi olewa."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, nimezoea mikutano ya hasira. Alisema kama mtu anayesoma joto la mgonjwa.

Akasema ana ombi moja. Ben asiseme. Fomu isiletwe. Mtu mwenyewe ainuke, aulize mwenyewe.

Ben alianza kueleza kwamba mila hairuhusu anayeoa kusema, na akataja ukurasa. Mama mkwe akamkatiza, akasema leo tumeshavunja mengi, hili moja halitatuua. Basi Ben akasogea kando, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukuwa na mtu mbele yangu.

Nikasimama. Nimehutubia maelfu, ndugu msomaji. Nimesomea watu hotuba za sikukuu kwenye mvua na hakuna aliyeondoka. Nilipomtazama Kagure na ile pembe mkononi, nilitaka kumwambia kwamba niliogopa kukaa benchi la nyuma, hilo tu, na kwamba nimemkosea. Nilikuwa nayo maneno hayo. Nikasafisha koo, nikafunga kifungo cha koti.

"Kagure," nikasema, "kwa niaba ya familia yangu, na kwa niaba yangu mwenyewe—"

"Kwa niaba ya nani?" akauliza.

Alinitazama kidogo tu, akageuka, akamrudishia mama yake ile pembe imejaa vilevile. Akaingia jikoni, akafunga mlango. Tukasikia akivuta kiti.

Hakuna aliyegusa bega. Mama mkwe alisema kwamba mtoto wake hajakataa na hajakubali, na mpaka aseme atakuwa hapa kwao. Wazee wakaitikia kwamba ni haki. Nikataka kuuliza je, na Jumamosi, lakini Ben alikuwa ameshanishika mkono kunirudisha kwenye benchi.

Ndipo simu yangu ikalia pale mezani, mbele ya Mugo. Niliona jina kutoka mbali. Harshad. Bila shaka ni programu, yuko kwa mpiga chapa, anataka kuhakikisha ule mwaka. Nikanyoosha mkono. Mugo akaichukua yeye.

Alisalimia vizuri kabisa, akauliza Bharti yuko aje, akauliza duka liko aje. Kisha akaulizwa mwaka, akasema, "Harshad, huo mwaka usiweke. Na Jumamosi msiende Skuta. Kujeni hapa Gatitu, kwa Mama Wamucii. Msichana ni wa huku. Eeh. Eeh, ni vile kitabu inasema."

Akasikiliza kwa muda mrefu. Nilijaribu kuisoma sura yake, sikuona kitu. Kule jikoni kiti hakikusogea tena, nikajua Kagure pia anasikiliza.

Mugo akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia mimi. Hakumtazama Ben.

"Anasema ni sawa, watakuja huku," akasema. "Lakini ako na jina lako hapo kwa programu na hajui ataiweka wapi. Anauliza, wewe utakuja kama nani?"